Maziwa Aache

Nesi aliyetutoa wodini alisema maneno machache tu, na mume wangu akayaelewa kinyume. Mimi siku ile sikuwa na masikio. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido na mfuko wa nguo za mtoto mapajani, nguo ambazo hazikuwahi kuvaliwa, na nesi akaona kuongea na mimi ni sawa na kuongea na ukuta. Akamgeukia mume wangu.

"Maziwa aache," akamwambia. "Asiyaguse kabisa. Yatakauka yenyewe."

"Ndiyo, nesi," mume wangu akaitikia, mikono nyuma, kama yuko mbele ya mwalimu mkuu.

Nesi alikuwa anazungumzia kifua changu. Mtoto wetu wa kwanza, wa kike, alikuwa ametuacha kabla hajajua hata kunyonya vizuri, na maziwa yangu yakaingia nyuma yake, yakiwa hayana habari kwamba mwenyewe hayupo. Dawa yake ni kutoyakamua. Ukiyakamua tu, mwili unadhani kuna anayekunywa, unaleta mengine. Lakini mume wangu ni mtoto wa mfugaji. Kwao neno maziwa linaanzia zizini na linaishia kwenye kikombe cha chai. Hilo la kukauka yenyewe sijui alilipeleka wapi. Mwanaume akiogopa husikia nusu. Akafika nyumbani akamtangazia mama yake, kwa sauti ya mtu aliyebeba amri kutoka juu, kwamba hospitali imenipiga marufuku maziwa.

Mama mkwe wangu alikuwa anachuja maziwa ya jioni. Akaweka chujio chini.

"Hospitali gani hiyo inayomkataza mzazi maziwa?"

Mzazi. Ndivyo anavyoitwa mwanamke aliyejifungua juzi, na nyumba ile ilikuwa imejiandaa na neno hilo tangu tumbo langu lilipoanza kuonekana. Kulikuwa na chumba cha mzazi, birika la mzazi, kuni kavu za kumchemshia mzazi maji. Tuliporudi mikono mitupu hakuna aliyekumbuka kulishusha neno hilo. Asubuhi mama mkwe alipita na beseni akiuliza, "Mzazi ameamka?" na mimi ndani nikauma shuka. Nilitamani kutoka nimwambie, mzazi wa nani, Mama? Sikuthubutu. Na mimi mdomo wangu hauna breki, watu wote wanajua.

Basi nikanywa chai kavu. Mama mkwe aliileta akinung'unika, akiiweka mbele yangu shingo upande, maana katika maisha yake alikuwa hajawahi kumpa mtu chai isiyo na maziwa isipokuwa fundi wa umeme aliyemchukia. Ilikuwa nyeusi na chungu kidogo, na niliona inanifaa. Ni kitu pekee katika nyumba ile ambacho hakikujaribu kunibembeleza.

Niwaeleze kuhusu ng'ombe, kwa sababu bila wao hakuna nyumba. Baba mkwe alifariki mume wangu akiwa mdogo, na mama mkwe akawalea yeye na dada yake kwa maziwa. Banda liko hatua chache kutoka dirisha la chumba chetu. Mikono yake ni mipana, imekomaa kwa kukamua, na anawajua majirani wote kwa vyombo vyao: huyu wa chupa ya bluu, yule wa ndoo isiyo na kifuniko. Ukisema neno baya kuhusu maziwa mbele yake ni kama umemtukania wazazi. Kati ya ng'ombe wake aliyempenda zaidi ni mmoja mweusi mwenye paji jeupe, aliyempa jina la Shangazi, kwa sababu ana tabia ya kukutazama kama shangazi aliyekuja kukagua usafi wa nyumba yako.

Shangazi alizaa wiki ileile niliyozaa mimi. Watu wakaona ni baraka, wakacheka kwamba mama mkwe amepata wajukuu wawili kwa mpigo. Tuliporudi kutoka hospitali ndama alikuwa hai, akiruka ovyo bandani na miguu isiyojuana. Halafu akaanza kuharisha. Daktari wa mifugo akaja na sindano zake, akatikisa kichwa. Asubuhi moja nikamsikia mama mkwe akisema, "Jamani, jamani," kwa sauti ya chini, nikajua bila kuambiwa.

Ng'ombe aliyefiwa na ndama hushika maziwa. Mimi sikujua hilo. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na mapazia, ng'ombe nimekutana nao ukubwani. Unaweza kumkamua mpaka vidole vife ganzi, hateremshi. Anamngoja mwenyewe. Kiwele kinavimba, kinakuwa kigumu, kisipoangaliwa kinaoza na ng'ombe anakufa. Shangazi alilia mchana kutwa. Si mlio wa njaa, ule naujua. Alikuwa anaita, ananyamaza kusikiliza, anaita tena.

Na kila alipoita, kifua changu kilijibu. Nilikuwa nimejifunga kitambaa kwa nguvu, lakini sauti ile ilikuwa inapita ukutani na kitambaani, na maziwa yanashuka, blauzi inalowa. Nilikaa kitandani nikiwa nimekumbatia mto, nikimlaani ng'ombe kwa matusi ambayo sitayarudia hapa.

Mama mkwe akafanya alichofundishwa na mama yake. Akamwita jirani muuza nyama, akamchuna ndama. Ngozi akaipaka chumvi, akaianika juu ya paa la banda, na ilipokauka kiasi akaijaza nyasi na kuishona tumbo kwa sindano ya magunia. Akamsimamisha yule ndama wa nyasi mbele ya Shangazi, amemwegemeza kwenye nguzo. Hakuwa na macho. Miguu ilikuwa inaning'inia.

Niliona kupitia dirishani. Shangazi akanyamaza. Akanusa kichwani, akanusa mgongoni, akarudi kichwani. Halafu akaanza kumlamba, taratibu, pale kwenye paji, kama anayemfuta mtoto usingizi. Mama mkwe akachuchumaa na ndoo yake, na maziwa yakateremka. Nikayasikia yakigonga bati la ndoo, kwanza kwa mlio mkali, kisha kwa mlio mzito kadiri ndoo ilivyojaa.

Nilirudi kitandani nikageukia ukuta. Sikulia. Nilijisikia kama mtu aliyechungulia chumba asichotakiwa kukiona.

Jioni ileile wifi yangu akaturekebishia lugha. Wifi ni dada mdogo wa mume wangu, anasuka nywele saluni moja mjini, na anakaa chumba cha nyuma, ingawa kwa kawaida hurudi tumeshalala. Alinikuta na kikombe changu cha chai kavu akauliza kulikoni. Mume wangu akamweleza marufuku ya hospitali, neno kwa neno, kama alivyoambiwa. Wifi akamkodolea macho. Kisha akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

"Kaka! Maziwa ya kifuani! Nesi alisema maziwa ya kifuani ayaache, asiyakamue! Wewe umekaa unamnyima mtoto wa watu chai?"

Mume wangu akabaki mdomo wazi. Hata mimi nikacheka, cheko moja fupi lililotoka puani, la kwanza tangu turudi. Lakini kicheko cha wifi kilipofika mwisho hakikusimama, kikageuka kilio hukohuko, na mama mkwe akamvuta kichwa chake akakilaza begani. Tukakaa hivyo wote wanne, hakuna anayemtazama mwenzake.

Mama mkwe ndiye aliyeinuka kwanza. Alikuwa amefurahi, masikini, haki ilikuwa imerudi nyumbani. Akaenda jikoni akarudi na kikombe kikubwa cha maziwa ya moto, ya Shangazi, yale ya jioni, na utando juu yake.

"Kunywa, mzazi. Urudishe damu."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nikakifikisha mdomoni. Harufu ile tamu ikapanda, na ni harufu ileile iliyokuwa kwenye blauzi yangu. Nikaona paji la ngozi lililolowa mate. Kikombe nikakirudisha mezani kwa uangalifu sana, kisimwagike.

"Siwezi, Mama."

"Kimepoa? Nikakipashe?"

"Siwezi kabisa."

Kuanzia hapo ndipo habari yenyewe inaanza. Nilidhani ni maziwa tu. Kesho yake ikawa supu ya mfupa. Nikatazama mfupa, nikaona ni mguu wa mtu fulani. Keshokutwa ikawa mayai. Sijawahi kuwa mtu wa huruma za wanyama, nisijipambe bure. Nimetafuna mifupa maishani mwangu mpaka mbwa wa mtaa wakawa wananichukia. Lakini sasa kila sahani ilikuwa inaniuliza swali lilelile, hiki kimetoka kwa mama gani, na nikishalisikia naweka kijiko chini.

Wifi, kwa nia njema, akanipa jina la ugonjwa wangu, au tuseme akaniambia kwamba si ugonjwa. Tulikuwa mezani, mimi nachezea wali mtupu.

"Nina mteja wangu mmoja," akasema. "Hali nyama, hali samaki, hanywi maziwa, hali mayai. Nikadhani asali imesalimika, kumbe nayo hapana, anasema ni ya nyuki wenyewe. Hali kitu chochote kilichotoka kwa kiumbe."

"Anakula nini, mawe?" mume wangu akauliza.

"Anakula maharage, njugu, majani, matunda. Na anang'aa, kaka, usimwone hivyo. Ngozi yake laini utadhani ya mto..."

Akalimeza neno. Kila mtu akapata kazi ya kufanya na kijiko chake. Neno mtoto lilikuwa limekuwa kama ubao uliovunjika sakafuni, wote tunaujua ulipo na tunaukwepa.

"Kuna watu wengi hivyo?" nikauliza, ili kumwokoa.

"Wapo. Ni uamuzi tu, wifi. Unaamua."

Ni uamuzi tu. Nikaanza kuufikiria, na kadiri nilivyoufikiria ndivyo nilivyoona kwamba wifi amerahisisha mno. Nilikuwa nimepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua. Nikisimama ghafla, ukuta ulikuwa unanisogelea. Daktari alikuwa ametaja maini, nyama, mayai, maziwa, akanyoosha kidole. Wifi akauliza kwa yule mteja wake, akaja na majibu ya dengu na mboga za majani na limau juu yake, na mimi nikayashika, nikala kwa kujikaza kisabuni. Lakini suala halikuwa dengu. Suala lilikuwa kwamba naishi katika nyumba iliyosimama juu ya maziwa. Mabati yaliyoko juu ya kichwa changu ni maziwa, cherehani yangu ya kwanza baada ya ndoa ni maziwa. Nikisema maziwa ni wizi, nimewaita watu walionipokea kwa jina gani?

Mama mkwe hakugombana nami. Ingekuwa nafuu. Alipika maharage, akayaweka mbele yangu, akakaa pembeni akinitazama nikila, amejishika tama. Siku moja aliweka kijiko cha samli kwenye maharage akidhani sitajua. Nikajua. Nikasukuma sahani, na kwa mara ya kwanza breki zikakatika.

"Mama, msinidanganye na mimi! Mnayemdanganya kule bandani anatosha!"

Akaichukua sahani. Nikamwona mgongo wake ukienda jikoni, mdogo kuliko nilivyouzoea, nikatamani ardhi inimeze.

Usiku mume wangu alizungumza akitazama dari. Ni mtu mpole, anaendesha gari la kusambaza mikate, na akiwa na hasira sauti yake hushuka badala ya kupanda.

"Unamwadhibu nani?" akauliza.

"Simwadhibu mtu."

"Unakonda. Jana ulishika ukuta, nilikuona. Unasema ni kwa ajili ya ng'ombe. Sawa. Mimi nimeshazika mmoja. Sitaki kusikia habari za ng'ombe."

Nilinyoosha mkono nikamgusa bega, likawa gumu, halafu likalainika, halafu likaanza kutetemeka. Ndivyo tulivyolala.

Nikafikiri basi nitaumaliza ubishi huu. Ikiwa kinachonizuia ni udanganyifu, nitauondoa udanganyifu. Ng'ombe ajue ukweli, alie amalize, na mimi nijue nasimama wapi. Mchana mmoja mama mkwe alipokwenda kupeleka maziwa kwenye mgahawa wa barabarani, nikaingia bandani kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Nikambeba ndama wa nyasi. Alikuwa mwepesi. Hilo sikulitarajia, mikono yangu ilikuwa imejiandaa kwa uzito, karibu nimrushe. Nikampeleka nyuma ya nyumba, nikamlaza nyuma ya pipa la maji, na katika kumlaza mshono wa tumbo ukaachia, nyasi zikaanza kumwagika.

Nikarudi chumbani nikakaa. Nikajiambia, sasa hivi ataelewa.

Shangazi hakuelewa kitu. Alitazama kwenye nguzo. Akazunguka kadiri kamba ilivyomruhusu, akanusa pale chini palipokuwa na miguu ya yule ndama, akainua kichwa, akaanza kuita. Sauti ilikuwa ileile ya siku ya kwanza, mpya kabisa, kana kwamba ndama amekufa leo. Nilikuwa nimemfilisi mara ya pili. Nilidhani ninamwondolea uongo, kumbe nimemwondolea kitu pekee alichobakishiwa, na hakuna aliyemuuliza kama anajua au hajui kwamba ni nyasi. Labda alijua. Labda alijua tangu siku ya kwanza, na akalamba hivyohivyo.

Nilitoka mbio. Kifua kilikuwa kimeshajibu, blauzi imelowa mpaka kiunoni. Nikamchukua yule ndama, nikazizoa nyasi kwa vidole, nikazirudisha ndani. Mshono wa mama mkwe ulikuwa wa hovyo, wa mtu anayeshona magunia, na uzi umekatika. Nikaingia ndani nikachukua sindano yangu kubwa na uzi mzito wa mapazia. Nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, nikampakata mapajani, nikaanza kumshona tumbo.

Mimi najua kushona. Nilishona mshono mdogomdogo, wa karibukaribu, ule ninaoutumia kwenye nguo ambazo sitaki ziachie kamwe. Shangazi anaita upande wa pili, mimi nashona, maziwa yananidondokea kwenye ngozi ya ndama wa mtu na siwezi kuyazuia, maana mikono yote miwili ina kazi. Na hapo ndipo nilipolia. Nilimlilia mwanangu kwa sauti, kwa jina lake, lile tulilompa na ambalo watu wachache walipata nafasi ya kulitamka. Nikashona nikilia mpaka nikafika mwisho, nikafunga fundo, nikakata uzi kwa meno.

Nilipoinua macho mama mkwe alikuwa amesimama na ndoo zake tupu. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Aliweka ndoo chini, akaja, akanipa mkono nikainuka, tukambeba ndama pamoja, yeye upande wa kichwa, mimi upande wa nyuma, tukamrudisha kwenye nguzo. Shangazi akanyamaza palepale. Akaanza kumlamba, akalamba na pale palipolowa maziwa yangu.

"Mimi simdanganyi ili nimwibie," mama mkwe akasema. Alikuwa anamtazama ng'ombe, si mimi. "Asipoteremsha, kiwele kitaoza. Nimewahi kuona. Sijui njia nyingine."

"Najua, Mama."

"Na wewe nakuletea maziwa kwa sababu sijui kingine. Nimekaa na ng'ombe maisha yangu yote. Mtu akiumwa, nampa maziwa. Akifiwa, nampa maziwa. Ningekuwa na kitu kingine mkononi ningekupa hicho, mwanangu."

Nikamkumbatia, nimelowa vile vile, na yeye ananuka moshi na banda. Alipika maharage siku ile bila samli, na nilikula sahani nzima.

Baada ya hapo hakuna aliyenisukuma. Mama mkwe akajifunza dengu kutoka kwa wifi, akazipika vizuri kuliko yule mteja alivyoelekeza, akawa anajisifu nazo kwa majirani kana kwamba kazivumbua. Ukuta ukaacha kunisogelea. Nikarudi kwenye cherehani, nikaanza na mapazia, kwa sababu sare za watoto bado sikuziweza. Nilikuwa nimesema tu kwamba sitakula kitu cha mnyama wakati Shangazi bado anamlamba ndama wake. Baada ya hapo tutaona. Ilikuwa ahadi ya kumtuliza mume wangu. Akaikubali kama mgonjwa anavyokubali tarehe ya kurudi kliniki.

Halafu kifua changu kikakauka. Hakuna aliyenitangazia. Asubuhi moja nilifungua kitambaa nikakikuta kikavu, nikakishika nikakigeuza, nikatafuta hata doa. Hakikuwa na kitu. Nilikaa na kitambaa kile mkononi mpaka jua likaingia chumbani. Kwa wiki zote zile nilikuwa nimeyachukia maziwa yale, kumbe yalikuwa kitu cha mwisho mwilini mwangu kilichokuwa bado kinamngoja.

Haikupita muda mrefu, Shangazi naye. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, nimesimama bandani na mswaki mdomoni. Mama mkwe akamsogeza ndama wa nyasi karibu kama kawaida. Shangazi akamnusa mara moja kichwani, akapiga chafya. Kisha akageuza shingo, akaanza kula majani. Mama mkwe akachuchumaa kwa wasiwasi, akagusa chuchu, na maziwa yakateremka tu, mengi, ng'ombe anatafuna, mkia unafukuza nzi. Ndama akaanguka ubavu, na Shangazi hakumtazama.

Mume wangu aliona yote akiwa mlangoni, ufunguo wa gari mkononi. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu hospitali. Tulipokaa kunywa chai alienda mwenyewe jikoni, akarudi na kikombe cha chai ya maziwa, akakiweka mbele yangu. Alikuwa na matumaini, na mimi nampenda, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ameshasahau," akasema. "Umemwona mwenyewe. Kila kitu kiko sawa sasa. Hakuna anayelia tena."

Nikakitazama kikombe. Alikuwa amesema kweli. Nje Shangazi alikuwa anacheua juani, ameridhika, na sababu zote nilizokuwa nimezitoa nilikuwa nimezifunga shingoni mwake. Nikajitafutia nyingine. Ilikuwepo moja tu, na haikuwa na ng'ombe ndani yake.

"Mimi ndiye ninayelia," nikamwambia.

Ufunguo ukamponyoka mume wangu, ukaanguka chini, hakuuokota. Alikaa taratibu kwenye kiti, akafunika uso. Mama mkwe akanyoosha mkono wake mpana, akakiondoa kikombe mbele yangu. Hawezi kumwaga maziwa, hata siku ile hakuweza. Akasimama akainywa ile chai mwenyewe, yote, machozi yakimdondokea kwenye kikombe, kisha akajifuta kwa mgongo wa mkono na kwenda kuniinjikia maji mengine.